Dawa ya Sonona Haitaki Haraka

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu wa Chimala, kama watu wa kwingineko, huupa majina mengi kabla ya kukubali kuwa ni ugonjwa. Wengine husema ni uvivu, wengine husema karogwa, wengine husema ana mawazo tu. Waganga wa hospitali wanauita sonona. Ni huzuni nzito, au kukosa hamu ya kitu chochote, inayodumu wiki mbili na zaidi bila kuachia. Usingizi unapotea, chakula hakishuki, mwili unakuwa mzito na mtu anajiona hana faida kwake mwenyewe wala kwa watu wake. Mkulima wa mpunga anayekutwa kitandani saa nne asubuhi, majaruba yake yamekwisha kujaa maji, si lazima awe mvivu.

Si kila sonona inatibiwa kwa vidonge. Iliyo nyepesi huweza kupata nafuu kwa mazungumzo na mtaalamu. Lakini ikikomaa, vidonge vina kazi yake, na leo nataka nibaki hapo hapo kwenye vidonge, maana naona watu wanaandikiwa dawa nzuri kisha inaharibikia mikononi mwao.

Dawa hizi si ngeni. Daktari mmoja wa Uswisi, Roland Kuhn, alitangaza mwaka 1957 kuwa imipramini inawainua wagonjwa wa sonona. Ndugu yake dawa hiyo, amitriptilini, ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na fluoksetini ikaongezwa mwaka 2007. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kuwa anafanyiwa majaribio anamtisha bure.

Shida yetu ni kwamba tumezoea Panadol. Kichwa kinauma, unameza, baada ya saa moja umepona. Dawa ya sonona haiendi hivyo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wengine hufika wiki 6. Tena, na hili ndilo linalowavunja watu moyo, maudhi ya dawa hutangulia faida yake.

Namfahamu mama mmoja wa huku bondeni aliyeandikiwa amitriptilini baada ya miezi kadhaa ya kushindwa hata kuchota maji. Siku ya nne mdomo umekauka, choo kimekuwa kigumu, akisimama ghafla anaona kizunguzungu, na huzuni iko pale pale. Jirani yake akamwambia, "Mama, hizo si ndizo dawa za Mirembe? Zitakumaliza hizo." Akazitumbukiza chooni. Dada yake ndiye aliyemrudisha kwa daktari, akaelezwa upya, akaanza tena. Ilikuwa wiki ya tano alipoamka siku moja akakuta ana njaa.

Ninyi wakulima mnalijua jambo hili kuliko mimi. Miche ya mpunga ikitolewa kitaluni na kupandikizwa, siku za kwanza hunyong'onyea na kupata rangi ya njano, hata mgeni akafikiri imekufa. Nani kati yenu huing'oa siku ya nne?

Lakini subira isiwe upofu. Katika wiki hizo za kwanza wako wachache, hasa vijana, ambao hupata mahangaiko makali au mawazo ya kujidhuru yakazidi. Hao hawaambiwi vumilia. Warudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ni vizuri mtu mmoja nyumbani ajue kuwa mgonjwa ameanza dawa.

Amitriptilini humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi, na usingizi huo unaweza kubaki kichwani hadi asubuhi. Nawasemesha hasa madereva wa magari ya viazi na vijana wa bodaboda wanaoteremka kutoka Matamba kwa ile barabara ya kona 57. Mwambieni daktari kazi yenu kabla hajaandika cheti, na msishike usukani mpaka mjue dawa inawafanyaje. Fluoksetini kwa kawaida humezwa asubuhi, kwani wengine huwanyima usingizi. Hiyo huweza kuleta kichefuchefu siku za mwanzo.

Pombe iwekwe kando, iwe komoni, iwe ulanzi, iwe ya chupa. Inazidisha usingizi wa dawa na kuirudisha huzuni. Mtajie daktari kila unachomeza: dawa ya presha, ya malaria, tramado ya maumivu, hata mizizi ya mganga wa kienyeji. Tramado na dawa hizi zikikutana huweza kuleta degedege. Mwambie pia kama una ugonjwa wa moyo, una mimba, au uliwahi kupatwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, hulali na huchoki. Na usinunue dukani kwa kumwonyesha muuzaji paketi tupu ya jirani.

Kisha inakuja siku ya kujisikia mzima, na hapo ndipo wengi huacha. Dawa inatakiwa kuendelea angalau miezi 6 baada ya nafuu kamili, mara nyingi 9 au zaidi, la sivyo ugonjwa hurudi upesi. Wakati wa kuacha, daktari hupunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukikata ghafla utapata kizunguzungu, wasiwasi na ndoto mbaya, nawe utasema umekuwa mteja wa dawa. Laa, mwili haukupewa nafasi ya kuzoea tu. Ukisahau kidonge cha jana, usimeze viwili leo.

Limebaki jambo moja zito. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja inavuruga mapigo ya moyo na huua, mtu mzima au mtoto. Aliyezidisha apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, na paketi ichukuliwe. Sasa wagonjwa wa Matamba, nauli ikiwa ghali na barabara ikiteleza masika, huomba dawa ya miezi miwili kwa mkupuo, na daktari anasita kwa sababu hiyo hiyo. Wote wana haki. Nendeni na ndugu mnayemwamini, mwambieni daktari kuwa huyu ndiye atakayeifungia dawa sandukuni na kumpa mgonjwa kidonge cha kila usiku.