Kumaliza Deni Lenye Ubishi kwa Malipo Pungufu
Mada kwa wajumbe wa mabaraza ya kata na viongozi wa vikundi, Handeni na Korogwe



Chukueni mfano wa mkulima wa mahindi pale Mkata. Msimu ulipoanza alikopa mbegu na mbolea dukani. Baada ya mavuno mwenye duka anafungua daftari na kudai shilingi 1,200,000. Mkulima anakataa: mifuko ya mwisho hakuipokea, deni lake ni 800,000. Daftari ni la mwenye duka na saini ya mkulima haimo. Basi mkulima anatuma 800,000 kwa simu, anaandika ujumbe "nimemaliza", anarudi shambani. Mwezi unaofuata anaitwa barazani kwa ajili ya 400,000.

Hajamaliza. Malipo pungufu peke yake hayafuti deni. Linalofuta ni ridhaa ya mdai kwamba kiasi hicho kinamaliza yote. Mwenye duka aliyepokea na kunyamaza amepokea sehemu tu ya anachodai. Na kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijui. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini mdaiwa akilipa sehemu kabla muda huo haujaisha, hesabu huweza kuanza upya siku aliyolipa. Anayelipa kimyakimya anaweza kuwa anaupa uhai ubishi uliokuwa unaelekea kufa.

Ridhaa ikiwepo, sheria yetu ina huruma kuliko ya Uingereza. Kule, tangu shauri la Pinnel la 1602, ahadi tupu ya kupokea pungufu ya deni lisilo na ubishi haimfungi mdai. Mwaka 1884, katika shauri la Foakes na Beer, mdai aliahidi kutodai zaidi akilipwa kwa mafungu, akalipwa, kisha akadai riba na akashinda. Kwetu, kifungu cha 63 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, chenye asili yake katika sheria ya India ya 1872, kinamruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu bila kupewa kitu cha ziada. Akisema kwa hiari yake kwamba 950,000 zinatosha, na akazipokea, deni limekwisha.

Waislamu waliomo humu wanakijua kisa cha Ka'b bin Malik na Ibn Abi Hadrad, waliopaziana sauti msikitini Madina kwa sababu ya deni. Mtume akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali. Ndipo mdaiwa akaambiwa ainuke alipe. Tazameni utaratibu wake: kukubali kulitangulia, fedha zikafuata. Sisi mara nyingi tunaanza na fedha.

Kwa hiyo, barazani, karatasi iandikwe kabla noti hazijahesabiwa. Itaje kiasi kilichodaiwa, kwamba kilikuwa na ubishi, kiasi kilichokubaliwa, tarehe ya kulipa, na maneno haya: "Nikishalipwa kiasi hiki sina dai lingine kuhusu deni hili." Wote wawili wasaini au waweke dole gumba, mashahidi wawepo. Ulizeni pia anayesamehe ni nani. Kijana wa dukani hawezi kusamehe fedha za tajiri wake, wala mhasibu wa kikundi hana ruhusa ya kusamehe peke yake fedha za wanachama. Shauri likiwa tayari mahakamani, mapatano yapelekwe kwa hakimu yaandikwe kuwa sehemu ya uamuzi.

Jambo moja linaniuma, nalo ni la kumtisha mdaiwa kwa mgambo au mahabusu hadi akubali kiasi chochote. Deni ni shauri la madai, si la jinai, na ridhaa ya mtu aliyefungiwa inaweza kubatilishwa. Suluhu ya namna hiyo hurudi barazani ikiwa na chuki.

Nawaomba, mkirudi Kabuku, Mombo, Magoma na kwingineko, fungueni majalada ya suluhu za madeni mlizosimamia mwaka huu. Yale yasiyo na karatasi yenye saini ya mdai, waiteni wahusika wote wawili wakaiandike sasa, wakiwa bado wanaelewana.