Kilomita ya Thelathini



Kamati imenitaka niseme machache juu ya mbio za marathoni za London, ambazo nilizikimbia ili kuchangisha fedha za wagonjwa wa figo. Habari za ushindi sinazo, kwani mshindi alikwisha oga na kupumzika nami ningali barabarani. Nilizonazo ni habari za njia, na za watu wasimamao kandokando yake.

Umbali wa mbio hizi ni kilomita 42 na mita 195. Kipimo hicho kilipatikana katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, pale wakimbiaji walipoanzia Kasri ya Windsor na kuishia uwanjani White City, mbele ya jukwaa la kifalme. Mwaka 1921 kikafanywa kuwa kanuni ya dunia nzima. Ama mbio za London za kila mwaka, hizo zilianza tarehe 29 Machi 1981, na waliomaliza siku hiyo walikuwa watu 6,255. Mwaka 2025 waliomaliza walizidi 56,000, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida kama sisi, wakikimbia kwa ajili ya mambo ya hisani.

Safari huanzia Blackheath, kusini-mashariki ya mji. Kilomita za mwanzo huteremka kuelekea Woolwich, na mteremko huo ni mdanganyifu: miguu ni myepesi, moyo umefurahi, na kila mtu huhisi kwamba anaweza kuongeza mwendo. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na hapo ndipo pa kuwasikiliza. Karibu na kilomita ya 10 mtu huizunguka merikebu kongwe ya Cutty Sark, na kwenye kilomita ya 20 huvuka mto kwa daraja la Tower Bridge. Hapo watu hujaa kama siku ya Iddi, na vifijo vyao humbeba mtu asijue kama anapanda au anashuka. Mara tu baada ya daraja, huwaona upande wa pili wa barabara wenye kasi wakirejea, wao wakiwa kilomita ya 35 naye ndiyo kwanza ameifikia nusu. Hapo yataka subira.

Mtihani wenyewe huja baadaye. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, na kwa wengi akiba hiyo hukaribia kwisha mnamo kilomita ya 30. Mafuta ya mwilini yapo tele, lakini hutoa nguvu polepole. Wakimbiaji hupaita mahali hapo ukuta, na jina hilo halikutiwa chumvi. Miguu huwa mizito kama iliyomiminwa zege, na akili huanza kutafuta visingizio. Tena ni hapo hapo, baada ya majumba marefu ya Canary Wharf, njia ikielekea Poplar, ambapo kuna vipande vyenye watazamaji wachache kuliko kule darajani.

Nilikuwa nimeliandika jina langu kifuani, kama wengi wafanyavyo. Bibi mmoja wa Kiingereza, aliyeketi peke yake juu ya kiti cha kukunja, alilisoma akaliita kwa sauti. Alilitamka visivyo na silabi moja akaimeza, lakini aliliita mara tatu, kisha akaninyoshea kipande cha chungwa. Nimeishi nchi hii miaka mingi, na sikumbuki kama jina nililopewa na wazee wangu lilipata kuitwa barabarani na mtu nisiyemjua. Nilikula chungwa lile, nikaendelea.

Jamaa zangu, washindi tunawakumbuka. Mwaka 1989 Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, nasi tukatembea kifua mbele. Lakini mkumbukeni pia John Stephen Akhwari, Mtanzania mwingine, katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limekwisha tanda, na watazamaji waliobaki walikuwa wachache. Hao wachache waliona jambo ambalo maelfu waliotangulia kwenda zao hawakuliona.

Nayasema haya kwa sababu jumuiya yetu husimama vizuri mwanzo na mwisho. Harusini tunajaa, mazikoni tunajaa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini tunao mzee anayesafishwa damu kwa mashine mara 3 kila juma, naye hupanda basi peke yake kwenda na kurudi. Tunao vijana wa mwaka wa pili chuoni ambao furaha ya kuingia imekwisha na ya kuhitimu haijafika. Tunao mama wanaofanya kazi za usiku na kulea mchana. Hao wote wako kilomita ya 30, na huko ndiko kwenye viti vitupu.

Kwa hiyo naleta maombi mawili. Kwanza, vijana watakaopata nafasi ya kukimbia mwakani, nasi tutakaokwenda kuwatazama, tusirundikane The Mall penye kamba ya mwisho; tuteremke kwenye treni kituo cha Poplar, tukasimame huko na tende zetu na machungwa yetu. Pili, kabla ya kutawanyika leo, Kamati ipitishe karatasi, kila mwenye nafasi aandike siku moja ya juma ambayo ataweza kumsindikiza mzee wetu hospitali. Siku zenyewe ni 3 tu, na sisi hapa tumejaa ukumbi.