Ruaha Mkuu: Lawama na Maji

Msikilizaji, hapa Makandana mvua hatuiombi. Lakini vuka milima ya Uporoto, shuka Usangu, na kiangazi utakuta tambarare kavu inayokaribia kuwa jangwa, uhai wake ukitegemea mto Ruaha Mkuu. Bonde lile lilikuwa himaya ya Wasangu chini ya watawala wao, akina Merere. Baadaye Wabaluchi wakalima mpunga wa kumwagilia, wakaja Wamasai, Wabarbaig na Wasukuma na ng'ombe wao, nayo serikali ikafungua mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga. Mwaka 1993 mto ukakauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na lawama nyingi zikawaangukia wafugaji, hadi wakaondolewa kwa nguvu mwaka 2006 na 2007.

Ni kweli, makundi makubwa ya mifugo huharibu ardhi oevu ya Ihefu bondeni humo, na hilo sibishani nalo. Lakini sikiliza upande wa pili: ng'ombe walipoondoka, mto uliendelea kukauka kila kiangazi. Basi tutazame mifereji ya mashamba ya mpunga, ambayo huchota maji hata Septemba, mto ukiwa hauna cha kugawa. Utaniuliza, wali tutaula wapi? Hoja nzito hiyo, maana mpunga ndio ada za shule za maelfu ya familia Mbarali. Ila maji hayohayo ndiyo yanayotegemewa na mabwawa ya Mtera na Kidatu, na umeme wake unafika mbali. Je, nani aanze kufunga mfereji wake, na nani amlipe fidia?