TUUPIGIE UKUTA HODI
Hotuba kwa Wananchi wa Mwamgongo



Leo twazungumza habari ya zege. Shule, zahanati na tangi la maji ni mali yetu sote. Mchanga na mawe twabeba wenyewe. Saruji hupanda boti Kigoma, ikapita Gombe, ndipo ifike hapa. Basi yatupasa kujua: jengo letu ni imara, au lipu imeficha aibu?

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huo ni ule uonekanao. Je, ule uliomo ndani ya nguzo? Zege lisiloshindiliwa vema hubaki na matundu. Nondo ikiingia kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani. Na sisi tu watu wa maji: ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, liliingia katika majumba ya mwambao, kwetu na hata Bujumbura.

Mama anunuaye chungu sokoni hukigonga kwa kidole, akasikiliza. Kizima hulia, chenye ufa sauti yake hufifia. Wahandisi nao hufanya vivyo hivyo. Tangu miaka ya 1940, wataalamu wa Kanada na Uingereza walitengeneza chombo kipelekacho ndani ya zege sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, ndugu yake altrasaundi ya hospitali. Kichwa kimoja hutoa sauti upande huu wa nguzo, cha pili huipokea upande wa pili. Hupakwa grisi ili hewa isikae katikati. Ukuta hauvunjwi hata kidogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Twaa nguzo yenye unene wa sentimeta 30. Igawe sekunde moja mafungu milioni. Sauti ikivuka kwa mafungu 75, mwendo wake ni kilometa 4 kwa sekunde: zege ni zuri. Ikichukua mafungu 120, mwendo ni kilometa 2.5 tu. Sauti imezunguka tundu au ufa. Kwa desturi, mwendo wa chini ya kilometa 3 hutiliwa shaka.

Lakini tusidanganyike. Zege lililolowa hupitisha sauti upesi, na maji katika ufa huweza kuuficha. Nondo nayo huiharakisha sauti. Kwa hiyo fundi wa kipimo hupima mahali pengi, hujiepusha na nondo, na penye shaka hukata kipande kikapimwe maabara.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lilianguka Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Hatusemi kipimo hiki peke yake kingaliwaokoa. Twasema kwamba zege likinyamaza si ushahidi wa uzima.

Basi tukiwa katika mkutano wa kijiji, tudai mambo matatu. Kwanza, Halmashauri ituletee mhandisi na chombo kabla hatujapokea jengo. Pili, apime mbele ya wajumbe wetu. Tatu, hesabu zote zisomwe hadharani kwa Kiswahili, nguzo moja moja. Aliyejenga vema hatachukia. Na watoto wetu watakaokaa chini ya paa hilo hawawezi kujisemea. Ni wajibu wetu kuwasemea.