Kuajiri Rahisi, Kuachana Ghali: Sheria ya Kazi ya Thailand kwa Wafanyabiashara wa Vito



Wengi wetu Bangkok tumeijua kwa sababu ya mawe. Anayepeleka tanzanaiti au rubi kule kwa miaka kadhaa hufika mahali akatamani ofisi yake mwenyewe, na ofisi inataka watu. Nitapita haraka kwenye kuajiri, kwa kuwa huko hakuna anayeumia sana. Mwajiri anachangia hifadhi ya jamii asilimia 5 ya mshahara, mfanyakazi naye anakatwa asilimia 5, na kuna kikomo kisichovukwa hata mshahara uwe mkubwa vipi. Ongeza sikukuu zisizopungua 13 kwa mwaka, likizo ya siku 6 baada ya mwaka mmoja, na ugonjwa wa hadi siku 30 kwa mshahara kamili.

Kazi iko kwenye kuachana. Sheria ya Kulinda Wafanyakazi ya 1998 inamlipa kiinua mgongo mtu aliyeachishwa bila kosa, na malipo hayo hayapandi kidogo kidogo, yanaruka. Aliyefikisha siku 120 anastahili mshahara wa siku 30, mwaka mmoja, siku 90, miaka mitatu, 180, sita, 240, kumi, 300. Tangu 2019, aliyefikisha miaka 20 analipwa siku 400. Kwa sheria yetu ya Tanzania ya 2004 ni siku 7 kwa kila mwaka, na hesabu inakoma kwenye miaka 10, yaani siku 70. Mtu aliyezoea hesabu ya Arusha atashtuka.

Chukueni muuzaji wa dukani mwenye mshahara wa baht 30,000 kwa mwezi, yaani 1,000 kwa siku, aliyekaa nawe miaka mitano. Kiinua mgongo ni 180,000. Kama humpi notisi, weka angalau 30,000 nyingine. Likizo yake ya siku 6 ambayo hakuichukua, 6,000. Jumla 216,000. Ukisubiri atimize miaka sita, kiinua mgongo peke yake kinakuwa 240,000.

Notisi nayo ina mtego. Inatolewa siku ya mshahara au kabla yake, na kazi inakoma siku ya mshahara unaofuata. Ukilipa mwisho wa mwezi, kisha ukamwandikia mtu tarehe 2 Juni, hesabu yake inaanzia mwisho wa Juni, na mwisho wake ni Julai 31. Waajiri wengi huweka kipindi cha majaribio cha siku 119 ili wakwepe kiinua mgongo, na hilo linaruhusiwa, lakini notisi haikwepeki hata kwa aliye kwenye majaribio.

Kosa zito, kama wizi au kutoonekana kazini siku tatu mfululizo bila sababu ya msingi, linafuta kiinua mgongo. Kwa makosa ya kawaida unahitaji barua ya onyo, na onyo hilo lina nguvu mwaka mmoja tu tangu siku ya kosa. Bosi anayegombeza kwa mdomo hana chochote cha kuonyesha Mahakama ya Kazi. Kwa maoni yangu barua hizo, zilizoandikwa kwa Kithai na kusainiwa, ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Tena msisahau vibali vyenu. Kampuni ya kawaida, isiyo na upendeleo wa Bodi ya Uwekezaji, hutakiwa kuwa na Wathai wanne kwa kila mgeni mwenye kibali cha kazi. Ukimwondoa wa nne kwa hasira, siku ya kuhuisha kibali ni wewe utakayeulizwa.

Kuchelewesha malipo kunazaa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na ukikaidi makusudi bila sababu, nyongeza ya asilimia 15 kila siku 7. Kwa hiyo nawaomba, tangu mshahara wa kwanza, tengeni fedha ya kuachana kwenye akaunti ya peke yake.