Tulitunze Ini Letu Kuanzia Ghalani

(Mazungumzo ya kikundi cha afya ya jamii mbele ya wakulima na vikundi vya akina mama, wakati wa mavuno)

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ini. Pengine mwingine hapo nyuma anajiuliza: ini na mavuno vinahusiana wapi? Tuvumiliane kidogo. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba sehemu kubwa ya kinga ya ini haiko hospitalini. Iko kwa turubai, kwa gunia na kwa ghala.

Ini hufanya kazi gani?

Kila mmoja wetu aliyewahi kuchinja mbuzi analijua ini. Letu linafanana na hilo. Liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu.

Chakula kikishasagwa tumboni na kwenye matumbo, sehemu kubwa yake huingia katika damu. Damu hiyo haiendi moja kwa moja mwilini. Kwanza hupitia kwa ini kwa mshipa mkubwa, na ini hulikagua kila kitu kama askari wa langoni. Sukari iliyozidi huiweka akiba, na ukilala bila kula huitoa kidogo kidogo ili mwili usikose nguvu. Hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Hutengeneza vitu vya kugandisha damu, ndiyo maana ukijikata kidole damu hukoma. Na kila kilicho na sumu, iwe pombe, iwe dawa, iwe uchafu wa mwili wenyewe, ini hujaribu kukigeuza ili kitoke kwa mkojo au kwa choo.

Ini lina baraka moja kubwa: likiumia kidogo huweza kujijenga upya. Lakini lina hatari moja pia, kwamba halilalamiki mapema. Mtu anaweza kuharibika ini miaka mingi na bado analima, anacheka, anakula vizuri. Likichoka kabisa hujaa makovu na kuwa gumu. Hapo ndipo macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, miguu huvimba, na wengine hutapika damu. Wakati huo majirani husema amerogwa. Kumbe kazi ilianza zamani.

Sumu isiyoonekana

Ziko sumu nyingi za ini, lakini leo tukae na ile inayopitia kwa sufuria zetu. Inaitwa aflatoksini, yaani sumu ya kuvu. Hutengenezwa na kuvu inayoota kwa mahindi, kwa njugu karanga na kwa nafaka nyingine zikipata joto na unyevu. Mmea ulioteswa na ukame au punje iliyotobolewa na wadudu hushikwa haraka zaidi.

Sumu hii ina ujanja. Haina ladha wala harufu. Punje inaweza kuonekana nzuri na bado inayo. Tena ikifika kwa ini, ini hujaribu kuigeuza kama linavyofanya kwa sumu nyingine zote, na katika kugeuzwa huko sehemu yake huwa kali zaidi kuliko ilivyoingia. Ni kama askari anayempekua mgeni, na mgeni anachomoa kisu pale pale langoni. Ndiyo maana ini ndilo huumia kwanza.

Ikiingia nyingi kwa muda mfupi, huua. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Kwa watoto, watafiti wameihusisha pia na kudumaa.

Yaliyotokea Ukambani

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 12 wakafa. Halafu ikaja 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Sampuli moja ya mahindi ilipopimwa ilikutwa na sumu mara 220 ya kiwango kilichokubaliwa wakati ule.

Tujiulize, kwa nini? Mvua ilinyesha wakati usio wake, mahindi yakavunwa yakiwa na maji. Chakula kilikuwa haba, na watu waliogopa wezi. Kwa hiyo familia nyingi ziliyatoa mahindi nje na kuyalaza ndani ya nyumba. Nani angewalaumu? Mtu analinda chakula cha watoto wake. Lakini ndani ya nyumba kuna joto, hakuna upepo, na mahindi yalikuwa mabichi. Wachunguzi waliolinganisha waliougua na wasiougua waliona kwamba kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulikuwa kati ya mambo yaliyoongeza hatari.

Kuna jambo la pili, na hili linagusa dhamiri. Mahindi ya sokoni katika sehemu hizo yalipopimwa mwaka huo, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango. Maana yake ni kwamba mahindi mabaya yalikuwa yanazunguka. Mmoja anauza, mwingine ananunua, wa tatu anapika. Kwa hiyo ini la jirani yako liko mikononi mwako, na lako liko mikononi mwake.

Tufanye nini kuanzia shambani

1. Tuvune kwa wakati. Mahindi yakishakomaa na kukauka yasiachwe shambani yanyeshewe.

2. Tusianike juu ya udongo. Kuvu hukaa kwa udongo. Tandika turubai au mkeka, au jenga kichanja. Jioni na wakati wa mvua yafunikwe.

3. Tuchague kabla ya kupukuchua na baada yake. Magunzi yaliyooza yakae mbali. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa au zilizobadilika rangi ziondolewe. Tusipige mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, kwa sababu punje zikipasuka kuvu hupata mlango.

4. Tukaushe mpaka unyevu usizidi asilimia 13. Asiye na mashine atumie chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funika, utikise kwa dakika chache, halafu uache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwa chupa, mahindi bado yana maji. Rudisha juani. Isiponata, hayako mbali, lakini yakipata siku nyingine za jua ni bora zaidi.

5. Tuweke ghala juu ya ardhi, penye upepo, pasipovuja. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta. Magunia ya kisasa yasiyopitisha hewa ni mazuri sana, lakini ni kwa mahindi yaliyokauka tu. Ukifungia mahindi mabichi humo, umejifungia hasara.

6. Tumwulize afisa wa kilimo juu ya Aflasafe KE01. Hiyo ni kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili iichukue nafasi ya ile mbaya. Kikundi kikinunua pamoja huwa rahisi kuliko mtu mmoja.

Maswali yaliyoulizwa

Tukiyachemsha sana, sumu haiishi? Hapana. Moto wa jikoni huua kuvu lakini hauimalizi sumu. Ugali, uji na githeri vitabaki nayo.

Na tukiyatoa maganda, kama tunavyofanya kwa muthokoi? Hapo kuna msaada, kwa sababu sehemu ya sumu huondoka na maganda. Lakini haiondoki yote. Mahindi yaliyooza hayageuki mazuri kwa kutwangwa.

Basi tuwape ng'ombe na kuku? Mama aliyeuliza hili aliuliza kwa niaba yetu sote. Ng'ombe akila, sumu hupita kwa maziwa, na maziwa ni ya mtoto. Kuku naye hudhoofika au kufa. Kuyapikia busaa pia si dawa, kwani sumu itaenda na pombe. Na kuyauza tumeshasema: ni kumpelekea mwenzako kaburi kwa gunia.

Sasa mwenye njaa afanye nini? Swali hili ni gumu, na hatutalijibu kwa mdomo mtupu. Kumwambia mama mwenye watoto sita atupe gunia la pekee alilo nalo, halafu sisi turudi nyumbani kula, hiyo si haki. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, mtu akiona mahindi yake yameharibika asifiche. Amwambie mzee wa kijiji, chifu au afisa wa kilimo mapema. Mwaka 2004 serikali ilipeleka chakula cha kushika mahali pa kile kilichoharibika, lakini msaada hauwezi kuja mahali ambapo hakuna aliyesema. La pili, kila kikundi kiweke akiba ya nafaka kavu, hata debe moja kwa kila nyumba wakati wa mavuno, ya kumsaidia atakayepatwa. Na tuchanganye vyakula: mtama, wimbi, mihogo, viazi. Anayekula mahindi asubuhi, mchana na jioni ameweka maisha yake yote kwa gunia moja.

Mengine ya kulinda ini

Ini lililoshambuliwa na virusi vya homa ya ini aina ya B huumizwa zaidi na sumu ya kuvu. Wawili hao wakikutana, hatari ya saratani hupanda sana. Virusi hivyo hupitia kwa damu, kwa kujamiiana, kwa nyembe na sindano za kushirikiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo ipo. Tangu mwaka 2001 imo ndani ya chanjo ya watoto ambayo hapa Kenya hutolewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama, tusiruke hata moja. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata, kwa hiyo tuulize hospitalini juu ya kupimwa na kuchanjwa.

Pombe tunaijua. Anayekunywa nyingi kila siku anaupa mzigo mlinzi ambaye halali. Na ile ya kuchanganywa na kemikali ni kifo cha haraka, kwa maana ini huigeuza methanoli kuwa sumu inayopofusha na kuua.

Dawa za maumivu pia zina kipimo. Parasetamo ya miligramu 500, mtu mzima asipitishe tembe 8 kwa saa 24, na anayekunywa pombe nyingi aulize daktari kwanza. Dawa za miti shamba zisizojulikana nazo zinaweza kuumiza ini, hata kama zinauzwa kwa sifa nyingi.

Na mtu akigeuka macho manjano, akavimba tumbo au akatapika baada ya kula, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wakiugua wawili au watatu wa nyumba moja, bebeni na kiasi cha mahindi waliyokula, yapimwe.

Wapenzi, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini likishakuwa gumu ukuta wake haujengeki kwa urahisi. Mavuno ndiyo haya. Kikundi chetu kitapita nyumba kwa nyumba na chupa ya chumvi, si kukagua mtu, bali kusaidiana. Walio na turubai mbili, wamwazime jirani moja.