Nyumba ya Jamii na Wazee Wetu: Hotuba kwa Watu wa Kambu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya watu wa Kambu, Kaunti ya Makueni. Tumeyachapa hapa kwa sababu shauri lenyewe lawahusu watu wa kila mahali, wa mashambani na wa mijini.)



Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu alijua, lakini wachache hulifanyia shauri mapema, nalo ni uzee. Mtu hupanda mwembe akijua kwamba utazaa baada ya miaka, na huezeka paa kabla ya mvua ya Novemba. Lakini uzee twauacha utujie kwa ghafula, kana kwamba hatukupata habari zake.

Sisi watu wa Kambu tumekaa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, juu ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Barabara hii imetuletea biashara, na pia imewachukua vijana wetu. Wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi, na nyuma hubaki mzee na boma lake, mbuzi wachache, na mara nyingi wajukuu wa kulea. Zamani mzee alikuwa na thome yake, mahali pa kuota moto jioni na kukata mashauri, na mama mzee hakukosa mtoto wa jirani wa kumchotea maji. Siku hizi wako wazee ambao siku nzima hupita bila mtu kubisha hodi.

Nchi ilipohesabu watu mwaka 2019, walipatikana watu kiasi cha milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa watu hawa haki zao: kushiriki katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila ya kuonewa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Angalieni vizuri: haikutajwa jamaa peke yake, wala Serikali peke yake. Zimetajwa zote mbili.

Najua wako watakaosema, "Kumtunza mzazi ni kazi ya mtoto wake. Kwa nini jamii iingilie?" Neno hili ni la kweli, wala sitaki kulivunja. Lakini yuko mzee asiyejaliwa mtoto, na yuko aliyewazika watoto wake wote. Yuko pia ambaye mwanawe ni mtu mwema, hutuma fedha kila mwezi, lakini fedha haiwezi kumpeleka mama hospitali wala kuzungumza naye. Nyumba ya jamii haimnyang'anyi mtoto kazi yake. Humsaidia katika saa ambazo yeye yuko mbali.

Basi nyumba hiyo ifanye nini? Nitataja mambo matano.

La kwanza ni kukutana. Itengwe siku moja katika kila juma, isiyo siku ya soko, ili wazee waje wakae pamoja. Wenye kucheza bao wacheze. Mama zetu walete vyondo vyao wasuke pamoja. Na nyimbo za zamani ziimbwe, vijana wapate kuzisikia. Viungo navyo vifanyishwe kazi. Shirika la Afya la Dunia lashauri kwamba hata mtu aliyepita miaka 65 apate angalau dakika 150 za mazoezi katika juma, na siku tatu au zaidi afanye mazoezi ya kuimarisha miguu na kujisawazisha, ili asianguke. Kutembea kwa nguvu ni zoezi, na ngoma ni zoezi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama alivyotembea kwanza.

La pili ni afya. Shindikizo la damu na ugonjwa wa sukari huingia kimya kimya, na mtu huweza kukaa nao miaka bila ya kujua. Mtoto wa jicho hupofusha watu wengi, na kumbe huondolewa kwa upasuaji mdogo. Muuguzi akija mara moja kwa mwezi mahali ambapo wazee wamekwisha kusanyika, atapima watu wengi kwa asubuhi moja. Kaunti yetu si ngeni katika mambo haya. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambao kila jamaa ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na wazee waliopita miaka 65 hawakudaiwa ada hiyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kila mtu hutakiwa kuandikishwa. Kuandikishwa huko hufanywa kwa simu na kompyuta. Mzee asiyejua vyombo hivyo atasaidiwa na nani, kama si kijana aliyekaa naye meza moja?

La tatu ni fedha. Mpango wa Inua Jamii ulipofunguliwa mwaka 2018 kwa watu wenye miaka 70 na zaidi, kila aliyeandikishwa alipangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si nyingi, na nyakati nyingine zimechelewa. Lakini kwa mama mwenye wajukuu wanne ni unga, ni sabuni, ni daftari. Jirani zetu nao wamefanya vivyo hivyo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefika miaka 70, na Uganda ina mpango wake kwa wazee. Lakini fedha huvuta wezi, na mwizi mwingine hutoka nyumbani. Mjukuu hushika kitambulisho cha bibi yake, huijua namba yake ya siri, na huleta nusu tu ya kilicholipwa. Kwa hivyo nawaambia wazee: namba ya siri ni yako peke yako. Na nyumba ya jamii iwe na mtu mwaminifu, aliyechaguliwa na wazee wenyewe, wa kuwasomea karatasi zao mbele ya shahidi.

La nne ni elimu. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akaketi pamoja na watoto wadogo kwa sababu alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2009, akiwa amewafundisha walimwengu kwamba kalamu haina umri. Mzee wa Kambu akijua kusoma jina lake na hesabu ya fedha zake, mwongo atamwogopa.

La tano ndilo kubwa kupita yote, nalo ni kutoa. Tusidhani kwamba mzee huja katika nyumba ya jamii kupokea tu. Jirani zetu wa Kitui wanacho Kijiji cha Nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Padre Angelo D'Agostino. Humo watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI na wazee waliofiwa na watoto wao waliwekwa pamoja: kila nyumba ina bibi au babu mmoja na watoto kama kumi. Mtoto amepata mlezi, na mzee amepata sababu ya kuamka asubuhi. Na huko Harare, katika Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka huo huo wa 2006 na mabibi 14, akawafunza kukaa juu ya benchi la mbao karibu na zahanati na kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Sisi pia tunao vijana waliokata tamaa, na tunao susu zetu wenye masikio na subira.

Tena wazee wetu wana elimu ambayo haimo katika vitabu vya shule. Wao waliiona njaa ya mwaka 1984, iliyoitwa Nikwa Ngwete, yaani nafa hali nimeshika fedha mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikupatikana. Wajua ni mbegu gani zilizovumilia jua, na katika mchanga wa mto upi maji hupatikana ukichimba. Ukame haujaondoka Ukambani. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, twazika ghala.

Sasa nitasema neno zito. Shirika la Afya la Dunia lakisia kwamba katika kila watu sita wenye miaka 60 na zaidi, mmoja hivi huonewa kwa namna fulani katika mwaka: hupigwa, hutukanwa, hunyimwa chakula au hunyang'anywa mali. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi huo liko shamba linalotamaniwa. Wengine waliponea kwa kukimbilia Kaya Godoma, ambako wamehifadhiwa. Mzee anayefika katika nyumba ya jamii kila juma hawezi kuteswa kwa siri. Asipoonekana juma moja, wenzake watauliza. Asipoonekana juma la pili, watakwenda kumtazama. Ulinzi huu haununuliwi kwa fedha.

Mwisho, tuanzeje? Tusingoje jumba la mawe. Mababa zetu walipokata matuta juu ya vilima vya Ukambani hawakungoja mitambo. Walishika majembe, wakafanya kazi kwa mwethya. Chumba cha shule kisichotumika Jumamosi chatosha, na mwembe wenye kivuli watosha. Waandikwe majina ya wazee wote wa kila kijiji, pamoja na wale wasioweza kutembea, ambao watatembelewa nyumbani kwao. Ichaguliwe kamati, na nusu yake wawe wazee wenyewe, wake kwa waume, kwa maana penye wazee haliharibiki neno. Vijana wenye pikipiki wapange zamu, kila mmoja amlete mzee mmoja bila ya malipo siku hiyo moja. Jumba litakuja baadaye, na tutakapokwenda kuliomba katika mikutano ya bajeti ya kaunti, tutakwenda na daftari lenye majina na kazi zilizokwisha fanywa, wala si maneno matupu.

Aliye na miaka 80 leo alikuwa kijana wakati Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Mikono yake ndiyo iliyojenga shule tulizosomea na kuchimba visima tulivyonywea maji. Deni hili lajulikana, na mwenye kulidai yu hai bado. Yafaa tumlipe angali anaweza kupokea kwa mkono wake.